Alama ya sawa si "halafu"

Dadangu hakubisha hodi. Jumapili moja baada ya magharibi aliingia na daftari mkononi, akanitupia mapajani kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza.

"Mtazame mpwao. Mbili juu ya kumi! Wewe si ndiwe karani, kutwa wahesabu? Haya, mhesabie."

Kisha akaenda zake jikoni kuinjika chai, akaniacha na mtuhumiwa. Mtuhumiwa mwenyewe alikuwa kasimama mlangoni, jezi ya mpira ingali na vumbi, akikwangua rangi ya fremu kwa ukucha. Yuko gredi ya saba. Amenikataza kuandika jina lake hapa, na nimekubali. Nitamwita Mpwa.

Niseme mapema kwamba mimi si mwalimu. Ni karani wa godauni ya chai huko Shimanzi, Mombasa, nakaa Magongo, na kidato cha nne hesabu ilinipa D ambayo marehemu mama aliificha chini ya godoro wageni wasiione. Mwalimu wetu wa wakati huo, Mungu amsitiri, alikuwa na ufito mmoja mrefu, na kila akiandika x ubaoni mimi nilikuwa natazama ufito, sitazami x. Kwa hivyo daftari lile lilipotua mapajani, tumbo lilinicheza kidogo. Lakini mjomba ni mjomba. Hawezi kusema hajui mbele ya mpwawe.

Nikafungua. Swali la kwanza lilikuwa 3x + 5 = 20. Chini yake Mpwa kaandika:

8x = 20
x = 20 − 8
x = 12

Alama nyekundu ya kosa, ndefu, hadi ukingoni mwa karatasi. Nikaendelea. Kulikuwa na swali jingine, 2x + 6 = 16, na hilo jibu lake lilikuwa sawa, 5, lakini mwalimu kampa nusu alama. Mpwa akaona hapo ndipo pa kujitetea.

"Mjomba, hii nimepata, na bado amenikata! Yaani huyu mwalimu…"

Alichokuwa ameandika ni hiki: 16 − 6 = 10 ÷ 2 = 5.

Niliutazama ule mstari muda mrefu. Kuna kitu kilikuwa kinanikera na sikuweza kukitaja, kama unapoingia chumbani ukahisi kuna kitu kimehamishwa. Nikamwambia, nisomee huu mstari kwa mdomo, kwa Kiswahili, pole pole.

"Kumi na sita toa sita, halafu kumi, halafu ugawanye kwa mbili, halafu tano."

"Wapi umeona 'halafu' hapa?"

Akaweka kidole juu ya alama ya sawa. Ile mistari miwili. Kwake yeye hiyo ndiyo "halafu".

Nikamuuliza, kwa hivyo 16 toa 6 ni sawa na 5? Akacheka, "La, ni kumi." Nikamwonyesha kwamba mstari wake ndivyo unavyosema: mwanzoni kuna 16 − 6, mwishoni kuna 5, na katikati umeapa mara mbili kwamba vyote ni kitu kimoja. Akanyamaza. Mwalimu, kumbe, hakumwonea.

Siku ile hatukufanya hesabu nyingine hata moja. Chai ilikuja, nikanywa, nikatoka barazani na lile daftari.

Baraza yetu Magongo si kitu cha kujisifia: benchi moja la simenti lenye ufa, na muuza kahawa ambaye hukaa hapo na dele lake kuanzia isha mpaka watu wachoke. Niliwaandikia waliokuwapo kitu kwenye kipande cha katoni: 8 + 4 = □ + 5. Nikauliza, ndani ya kisanduku muna nini?

Mpwa alijibu kabla sijamaliza: kumi na mbili. Kijana wa tuktuk akamcheka, akasema hapana, kumi na saba, jumlisha zote. Wakaanza kubishana, kumi na mbili, kumi na saba, na mimi nikaona wote wawili wana ugonjwa mmoja. Wanaiona ile alama kama kengele: ikilia, toa jibu. Muuza kahawa alikuwa anasuuza vikombe. Hakuinua kichwa.

"Saba," alisema. "Huku kumi na mbili, na huku lazima ziwe kumi na mbili. Tano anazo, atake saba."

Mzee huyu siku nzima kazi yake ni kurudisha chenji. Ukimpa noti ya mia kwa kahawa ya kumi na kashata ya kumi, hafanyi kutoa. Huhesabu kwenda juu mpaka pande mbili zilingane: ishirini, hamsini, mia, shika. Mpwa alimtazama kama aliyeona mtu anasoma akilini mwake.

Neno likanijia pale pale: *kulingana*. Wenzetu Tanzania, ambao shule zao nyingi za msingi hufundisha hisabati kwa Kiswahili, wana neno mlinganyo kwa hesabu kama hii yenye pande mbili. Sisi huku mtoto anafundishwa hesabu kwa Kiingereza tangu mdogo, na anajifunza kuimba amri bila kujua anaambiwa nini. Nilimjaribu. Nikamuuliza, hili swali la 3x + 5 = 20 linataka nini kwako? Akanipa maneno ya Kiingereza ya kwenye kitabu, sawia, na lafudhi nzuri. Nikasema haya, niambie kama unavyomwambia nyanyako. Kimya. Dakika nzima. Ndipo nikajua ile mbili juu ya kumi ilitoka wapi, maana mtoto hawezi kujibu swali ambalo hajaulizwa bado.

Kosa lingine ni la neno letu wenyewe. "Sawa" kwa Mpwa ni neno la kufunga mazungumzo. Mamake akimtuma dukani, "sawa". Akiambiwa azime simu, "sawa". Sawa maana yake imekwisha, tuondoke. Sasa umwambie kwamba sawa ya hesabu haifungi chochote, ni madai kuhusu vitu viwili vilivyokaa huku na huku? Nilimsimulia kwamba ile alama iliandikwa mara ya kwanza na mtu wa Wales, Robert Recorde, katika kitabu cha mwaka 1557. Alichoka kuandika kila mara kwamba hiki ni sawa na kile, akachora mistari miwili inayokwenda sambamba, kwa sababu, alivyosema, hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana zaidi ya hivyo. Mpwa akasema, kama reli ya pale Miritini. Nikasema kabisa. Kama reli. Treni yaweza kwenda huku na yaweza kurudi.

Usiku wa pili tukagombana kuhusu feri.

Mpwa ana kanuni aliyopewa, nami niliwahi kupewa hiyo hiyo: ikivuka, geuza alama. Namba ikitoka upande huu wa alama ya sawa kwenda ule, kama ilikuwa jumlisha inakuwa kutoa. Ni kanuni inayofanya kazi, siwezi kuikana, na anayeijua sababu yake aitumie tu, inaokoa wino. Lakini tazama ilivyomfanya mtoto: 8x = 20, ile 8 ikavuka, ikageuzwa kuwa toa 8, x = 12. Kwa akili yake hakukosea. Alivusha, akageuza.

"Mpwa, ukipanda feri pale kisiwani kwenda Likoni, ukishuka ng'ambo unakuwa mtu mwingine?"

"La."

"Shati yako inageuka nje-ndani?"

"La, mjomba."

"Basi kwa nini tano igeuke?"

Hakuwa na jibu, na kusema kweli hata mimi nilikuwa nalijenga jibu huku nazungumza. Jibu ni kwamba hakuna kinachovuka. Tano haikwenda popote. Uliiondoa huku, na kwa kuwa pande zilikuwa zimelingana, ukaondoa tano nyingine kule ili ziendelee kulingana. Mtu wa mbali akitazama haraka anaona tano imepotea huku na kutoa tano imetokea kule, anasema imevuka! Kumbe ni watu wawili tofauti.

Maneno haya yalimwingia nusu. Niliona machoni. Kwa hivyo kesho yake, Jumanne, nikatoka kazini mapema nikamchukua mpaka kwa kinyozi.

Kinyozi wetu yuko ndani ya kontena. Magongo hilo si ajabu, makontena yaliyochoka na bahari tumeyafanya maduka, vibanda vya Mpesa, hata jiko la mkahawa mmoja hapa nyuma. Hili ni la futi ishirini, limekatwa dirisha ubavuni, lakini milango yake ya chuma ingalipo, na mlango wa kulia bado una maandishi yake meupe kama siku lilipozaliwa:

MAX. GROSS 30,480 KGS
TARE 2,230 KGS
NET 28,250 KGS

Chini ya kila mstari wa kilo kuna mwingine wa ratili za Kiingereza, huo tuliupuuza. Mimi maandishi haya ndiyo mkate wangu. TARE ni uzani wa kontena lenyewe likiwa tupu, bati na mbao za chini. NET ni mzigo linaloruhusiwa kubeba. MAX. GROSS ni vyote pamoja, mwisho wake hapo. Tangu Julai 2016 hakuna kontena lenye mzigo linalopakiwa melini bila uzani wake wa jumla kuthibitishwa, ni sheria ya bahari ya dunia nzima, na sisi makarani tumeandika namba hizi mpaka tunaziota.

Mpwa amepita mbele ya mlango ule tangu kabla hajajua kusoma. Hajawahi kuziona.

Nilimwambia avue ndara moja, azibe ule mstari wa NET. Akaishika pale, mguu mmoja chini kama korongo. Nikachukua chaki ya kinyozi, ile anayoandikia bei, nikaandika sakafuni:

u + 2,230 = 30,480

"U ni uzani wa mzigo. Upo chini ya ndara, ulishaandikwa kiwandani kabla hujazaliwa, wala hautabadilika kwa sababu wewe hujui. Utafute."

Akafikiri. "Nijumlishe?" Akajumlisha kwa simu ya kinyozi. "Thelathini na mbili elfu mia saba na kumi."

"Kwa hivyo mzigo peke yake ni mzito kuliko mzigo pamoja na kontena lake?"

Kinyozi alicheka mpaka mashine ikamtoka kwenye njia, mteja akalalamika. Mpwa naye akacheka, lakini kicheko cha mtu anayerudi nyuma kutazama alipojikwaa. Akatazama mlango. Akatazama chaki. Kisha akasema neno ambalo nimelihifadhi: "Toa bati."

"Toa bati wapi?"

"Huku… na huku. Zote mbili. Huku libaki u peke yake."

28,250. Akainua ndara polepole, kwanza ile 2, kisha 8, kama mcheza karata anayechungulia. Zote tano zilikuwapo. Sijui niwaelezeje uso wa mtoto yule. Hakufurahi kwa kelele. Aligeuka kunitazama kuona kama nimemchezea mazingaombwe.

Tulikaa pale hadi taa za barabarani zikawaka. Kila mara anaziba mstari mwingine, mara TARE, mara MAX. GROSS. Hapo kwenye MAX. GROSS, ambako jibu ni la kujumlisha tu, aliniuliza mwenyewe kama hiyo nayo ni aljebra au ni hesabu ya kawaida. Nilimwambia tofauti sijui kama ipo.

Siku zilizofuata zilikuwa za magunia. Nilirudi kwenye lile swali lililomwua, 3x + 5 = 20, nikamwekea mizani kichwani, ya vitanga viwili kama zile za zamani Marikiti. Kitanga cha kushoto magunia matatu yenye uzani mmoja na jiwe la kilo tano. Kitanga cha kulia mawe ya kilo ishirini. Mizani imetulia. Sasa niambie, magunia matatu na jiwe moja la kilo tano, ni magunia manane?

"La! Nani alisema?"

Nikafungua daftari nikamwonyesha nani alisema.

Akauliza swali zuri: atajuaje aanze na lipi, kugawanya au kutoa? Hapa ndipo miaka yangu ya godauni ilinifaa kuliko shule. Ukipakia kontena, kilichoingia mwisho ndicho kinachotoka kwanza. Huwezi kuchomoa gunia la ukutani huku paleti ya mlangoni imekuzibia. Tazama x ilivyopakiwa: kwanza ikafanywa mara tatu, kisha ikaongezwa tano. Tano iko mlangoni. Itoe. Halafu (halafu ya kweli hii) gawanya. Kumi na tano kwa tatu, tano.

"Na nikitaka kugawanya kwanza?"

Waweza. Hakuna polisi. Lakini itabidi ugawanye na lile jiwe pia, na ubebane na sehemu za sehemu mpaka mwisho. Akajaribu kwa ubishi, akapata tano ile ile baada ya nusu ukurasa, akatupa kalamu. Tangu siku hiyo anaanzia mlangoni.

Kitu kimoja kilichonishangaza ni jinsi herufi yenyewe ilivyokuwa inamtesa. Kiswahili hakina x. Tumejifunza a, be, che bila kuikuta hata mara moja, tunaijua kwa shida za hesabu na majina ya watu wa mbali. Halafu kwa mwandiko wa Mpwa x na alama ya kuzidisha ni pacha, kwa hivyo 3x yeye anaisoma "tatu mara…" akingoja namba inayofuata. Tulipobadilisha tukaandika u, akaja na jingine: kama u ni 5, basi 3u si ni 35? Wallahi sikucheka. Zikikaa 3 na 5 bega kwa bega kila siku ya maisha yake zimekuwa thelathini na tano, nani kamwambia leo zimeoana?

Akauliza nani aliyeileta x. Mfaransa, Descartes, mwaka 1637, ndiye aliyeshika herufi za mwisho, x, y, z, akazipa kazi ya visivyojulikana, na za mwanzo, a, b, c, akazipa vinavyojulikana. Lakini karne nane kabla yake hakukuwa na x, nikamwambia, na hesabu hizi zilifanywa kwa maneno matupu. Na maneno yenyewe unayajua.

Hakuniamini. Tulikuwa kwa kinyozi tena, zamu hii ananyolewa yeye.

"Chuoni mwasoma nini, innallaha alaa kulli…?"

"Shay-in qadiir."

"Shay' ni nini?"

"Kitu."

Basi hiyo ndiyo x. Al-Khwarizmi, Baghdad, zama za khalifa al-Ma'mun, yapata mwaka 820, alipoandika kitabu chake cha hesabu ya al-jabr na al-muqabala, kile asichokijua alikiita shay', kitu. Kikizidishwa kwa chenyewe alikiita mal, ambayo kwetu ni mali. Na al-muqabala, kulinganisha vya huku na vya huku, si ni hilo hilo neno letu mkabala? Nyumba yetu iko mkabala na msikiti. Tano hii iko mkabala na tano ile, ziondoe zote mbili. Kitabu chenyewe sehemu yake kubwa ni mambo ya wasia na mirathi: mtu kafa, kaacha kadhaa, huyu apate ngapi. Shughuli za kadhi. Mpwa, ambaye alidhani aljebra ni adhabu iliyobuniwa na wizara, alikaa kimya chini ya mashine ya kunyolea.

Al-jabr, nikaongeza kwa sababu nilikuwa nimeshapanda punda, ni kurudisha kilichovunjika mahali pake. Ndiyo maana Uhispania zamani fundi wa kuunga mifupa aliitwa algebrista, na kazi hiyo mara nyingi ilikuwa ya vinyozi. Hapo kinyozi wetu alizima mashine.

"Kumbe mimi ndiye mwalimu wa hesabu hapa," alisema, na bei ya kichwa kile ikapanda shilingi hamsini.

Nilipoanza kujiona fundi, Mpwa akanivunja mguu. Ilikuwa usiku wa Ijumaa, akanitolea hesabu yake mwenyewe, aliyoitunga. Simu inasema 9, sisi tunasema saa tatu. Kwa hivyo s + 6 = 9. Simu inasema 11, saa tano, s + 6 = 11. Nikampa mkono. Mlinganyo ambao kila mtu wa pwani anautatua mara ishirini kwa siku na hakuna aliyewahi kuuandika.

"Na simu ikisema 4?"

"Saa kumi," nilisema.

"Basi s + 6 = 4. Nimetoa 6 huku na huku. Nne toa sita. Mizani yako ile, mjomba, inapimaje hapo?"

Haikupima. Gunia la kilo kutoa mbili halipo, si Shimanzi wala Marikiti. Nilisema nimechoka, nikaenda kulala, na sikulala. Mizani ilikuwa imenibeba vizuri mpaka pale ikanishusha njiani kama matatu iliyoishiwa mafuta, na makosa ni yangu, nilimfanya mtoto aamini kwamba kila kisichojulikana ni kitu cha kubebeka.

Kesho yake jioni nilijaribu kwa njia ya daftari la mkopo la duka la jirani. Mamako ana salio asilolijua. Anaingiza shilingi 8, mwenye duka anasema sasa una 3. Alikuwa na ngapi? x + 8 = 3. Mpwa hakufikiri hata kidogo: "Alidaiwa tano." Sawa, toa tano. Kilichokuwa hakibebeki kwenye mizani kinabebeka vizuri sana kwenye deni, yeye mwenyewe keshatumwa kulilipa mara ngapi! Ile saa nayo tukaimaliza hapo hapo. Simu ikisema 6 asubuhi, kwetu siku inaanza, ndiyo sifuri yetu ingawa tunaiita saa kumi na mbili. Nne ni mwendo wa saa mbili kabla ya hapo. Kutoa mbili. Rudi nyuma mbili kutoka kumi na mbili, uko saa kumi.

"Kwa hivyo kutoa mbili na kumi ni sawa?"

Nikamwambia kwenye saa tu, na asithubutu kuliandika hilo kwenye mtihani. Akaniangalia kwa ile jicho ya dadangu.

Jaribio lililofuata alipata sita juu ya kumi. Nilitaka kumnunulia soda. Dadangu alitazama karatasi mbele na nyuma, akauliza, "Na hizo nne nyingine ameziacha wapi?" Mbili zilikuwa za mabano, ambayo hatujayagusa. Moja aliandika tena ile "halafu" yake, 18 − 4 = 14 ÷ 7 = 2, kwa sababu muda ulikuwa unakwisha na mkono una tabia zake. Ya nne hata mimi sikuiweza.

Lakini sasa hatuwezi kupita barabarani. Malori yanateremka kutoka Miritini kwenda bandarini, foleni inasimama, na Mpwa anasoma milango. Anasoma MAX. GROSS na TARE, anafumba macho, anataja NET, anafumbua. Juzi tulikuwa tunasubiri kuvuka, lori limesimama mbele yetu na kontena la futi arubaini lililoparara kwa kutu, akaanza, kisha akasita. Akarudia kwa vidole.

"Mjomba, hili haliko sawa. Thelathini elfu mia nne na themanini juu. Bati elfu tatu mia saba thelathini. Mzigo ishirini na sita elfu mia saba. Hamsini zimepotea."

Nilimwambia watu wa viwandani hawakosei vitu hivyo. Akasema basi ni mimi niliyesema pande mbili lazima zilingane. Foleni haikuwa inasogea. Dereva alikuwa amelala juu ya usukani. Mpwa akakanyaga bampa, akanyoosha mkono mpaka kwenye ule mstari wa TARE, akaanza kukwangua kutu kwa ukucha pembeni mwa ile 3 ya pili. Likaporomoka gamba moja la kahawia, na chini yake ukatokea mviringo mweupe wa kushoto. Ilikuwa 8.